Mafindofindo na Nyama za Puani: Ni Lini Mtoto Afanyiwe Upasuaji?



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetupa pua ya kuvutia pumzi, masikio ya kusikilizia na koo la kusomea. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu wasomaji, katika ukurasa wetu wa afya mwaka huu tumeona tulizungumzie jambo ambalo wazazi wengi huliuliza wanapokuja kuwachukua watoto. Mtoto anaumwa koo mara kwa mara, usiku anakoroma, asubuhi anaamka amechoka. Jirani wa kwanza anasema, "Huyo ana kimeo, mpelekeni akakatwe." Wa pili anasema, "Hizo ni tonsesi, zitolewe haraka hospitali." Wa tatu naye anasema, "Msithubutu, atapoteza sauti." Mzazi amebaki katikati, hajui amfuate nani.

Jawabu letu kwa ufupi ni hili. Uamuzi wa kumfanyia mtoto upasuaji wa koo au pua haujengwi juu ya hofu wala maneno ya barazani. Hujengwa juu ya mambo mawili ambayo kila mzazi anaweza kuyafuatilia nyumbani: ni mara ngapi mtoto ameumwa koo, na anapumua vipi akiwa amelala. Ama kimeo, hicho kisiguswe kabisa na mtu asiye daktari. Maelezo yake ni kama yafuatavyo.

VIUNGO VITATU VINAVYOCHANGANYWA

Watu wengi huviita vitu vitatu kwa jina moja, na hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Cha kwanza ni tonsili. Hizi ni tezi mbili zilizoko nyuma ya kinywa, moja kulia na moja kushoto. Mtoto akifumbua kinywa na kusema "aaa" mbele ya mwanga, utaziona. Zikishambuliwa na vijidudu huvimba, huwa nyekundu, na mara nyingine hutoa madoa meupe ya usaha. Huo ndio ugonjwa tunaouita mafindofindo.

Cha pili ni nyama za puani, ambazo madaktari huziita adenoidi. Hizi hazionekani kwa kufumbua kinywa, kwa sababu ziko juu nyuma ya pua, mahali ambapo pua inakutana na koo. Kila mtoto anazo. Hukua katika miaka ya mwanzo, huwa kubwa zaidi mtoto anapokuwa na miaka kama 5 hadi 7, kisha hunywea zenyewe anapokaribia kubaleghe.

Cha tatu ni kimeo, wengine hukiita kilimi. Ni kile kinyama kinachoning'inia katikati, mwisho wa kaakaa. Hiki si tezi. Ni sehemu ya kaakaa laini, ambalo huinuka wakati wa kumeza ili chakula na maji yasipande puani, na husaidia katika kutamka.

Tonsili na nyama za puani ni miongoni mwa askari wa mwili. Zimewekwa mlangoni, zikiwatambua vijidudu vinavyoingia kwa njia ya kinywa na pua, ili mwili ujifunze kupambana navyo. Ndiyo maana huvimba mara kwa mara utotoni. Kuvimba peke yake si ugonjwa, na tonsili kubwa peke yake si sababu ya kukatwa. Wako watoto wenye tonsili kubwa wanaokula vizuri, wanalala vizuri na hawaumwi. Hao waachwe.

UPASUAJI HUU SI WA LEO

Baadhi ya watu hudhani kwamba kutoa tonsili ni jambo geni lililoletwa na hospitali za kisasa. Sivyo. Karibu na mwaka 1000 Miladiya, tabibu Muislamu wa Andalusi, Abul Qasim Az-Zahrawi, aliyefanya kazi karibu na Qurtuba, alikamilisha kitabu chake kikubwa cha tiba kiitwacho At-Tasrif, chenye juzuu 30. Katika juzuu ya mwisho, inayohusu upasuaji, alieleza namna ya kutoa tonsili: mgonjwa akae mbele ya jua, ulimi ukandamizwe kwa chombo, tonsili inaswe kwa ndoana, kisha ikatwe. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na kikasomwa Ulaya kwa muda mrefu.

Lakini jambo la kuzingatia ni kwamba Az-Zahrawi hakusema kila tonsili ikatwe. Alizigawa. Alieleza ipi yafaa kukatwa na ipi iachwe kwa kuchelea damu nyingi. Yaani tabibu yule wa miaka elfu moja iliyopita alitanguliza swali la "je, huyu anahitaji?" kabla ya swali la "nitamkata vipi?"

Baadaye swali hilo lilisahauliwa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, nchi za Ulaya na Marekani zilitoa tonsili za watoto kama ada. Mwaka 1934 Chama cha Afya ya Mtoto cha Marekani kilitoa taarifa ya uchunguzi wa watoto 1,000 wa mjini New York wenye umri wa miaka 11. Watoto 611 walikuwa tayari wameshatolewa tonsili. Waliobaki 389 walipelekwa kwa madaktari, nao wakasema 174 wanahitaji kutolewa. Wale 215 walioambiwa wako salama wakapelekwa kwa madaktari wengine, na hao wakasema 99 kati yao wanahitaji. Wakabaki 116, nao wakapelekwa kwa madaktari wengine tena, wakachaguliwa 51. Mwishowe katika watoto elfu moja walibaki 65 tu ambao hawakuambiwa wakatwe.

Je, tunapata funzo gani? Kwamba macho peke yake hayatoshi. Ukimwangalia mtoto kooni siku moja bila kujua historia yake, unaweza kuona tatizo ambalo halipo. Ndiyo maana madaktari wa leo wanataka hesabu.

HESABU YA MAFINDOFINDO

Mwaka 1984 daktari mmoja wa watoto wa Marekani, Jack Paradise, pamoja na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto waliokuwa wakiumwa koo mara nyingi sana. Vipimo alivyovitumia ndivyo vinavyofuatwa hadi leo katika miongozo ya nchi nyingi. Upasuaji hufikiriwa ikiwa mtoto ameumwa mafindofindo:

(a) mara 7 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, au
(b) mara 5 au zaidi kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo, au
(c) mara 3 au zaidi kila mwaka kwa miaka 3 mfululizo.

Na si kila koo linalowasha huhesabiwa. Ili ihesabiwe, mtoto awe na maumivu ya koo pamoja na angalau kimojawapo kati ya hivi: homa inayozidi nyuzi 38.3, tezi za shingo zilizovimba na kuuma, usaha juu ya tonsili, au kipimo kilichoonyesha bakteria aitwaye streptokoka. Mafua yenye kikohozi, makamasi na sauti kukauka kwa kawaida husababishwa na virusi. Hayo hayahesabiwi, na hayahitaji dawa za kuua bakteria.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi jambo moja jepesi. Chukueni daftari dogo, hata lile la mtoto lililobaki kurasa, mliweke pamoja na kadi yake ya kliniki. Kila akiumwa koo, andikeni tarehe, kama alikuwa na homa, aliyoyasema daktari na dawa aliyopewa. Mzazi anayemwambia daktari "anaumwa kila siku" hamsaidii daktari. Mzazi anayesema "ameumwa mara 8 tangu Ramadhani iliyopita, na tarehe zake ni hizi" ameifanya nusu ya kazi.

Kama hesabu haijafika, subirini. Watoto wengi hupungukiwa na mafindofindo kadiri wanavyokua, bila ya kukatwa. Zipo hata hivyo hali ambapo daktari hatangojea hesabu hiyo itimie, kama mtoto aliyepata jipu pembeni mwa tonsili zaidi ya mara moja, au asiyeweza kutumia dawa nyingi kwa sababu ya mzio.

MSIKATISHE DOZI

Hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui. Mafindofindo yanayoletwa na streptokoka yasipotibiwa sawasawa yanaweza kuzaa homa ya rumatiki. Hii huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na huja wiki 2 au 3 baada ya koo kupona. Mtoto huvimba viungo, huumwa magoti na vifundo vya miguu, na moyo wake hushambuliwa. Valvu, yaani milango ya moyo, hupata makovu. Miaka mingi baadaye, kijana au mama mjamzito anaishiwa pumzi akipanda ngazi, na anaambiwa kwamba valvu zake zimeharibika. Chanzo ni koo la utotoni.

Kinga yake si kukata tonsili. Kinga yake ni dawa kamili. Daktari akiandika penisilini au amoksilini ya siku 10, basi ni siku 10. Mtoto hupata nafuu siku ya tatu, na hapo ndipo wazazi huiweka chupa kabatini "ya akiba". Hilo ni kosa. Anayeshindwa kumeza dawa siku zote hizo, daktari anaweza kumpa sindano moja ya penisilini inayokaa muda mrefu mwilini. Wala msiwape wadogo zake dawa iliyobaki, kwani kila mgonjwa ana dozi yake.

KUKOROMA SI USINGIZI MZURI

Tumezoea kusema kwamba mtoto anayekoroma amelala fofofo. Ndugu wasomaji, kwa mtoto mambo ni kinyume. Mtoto mwenye mafua anaweza kukoroma siku mbili tatu, na hilo halina neno. Lakini mtoto anayekoroma karibu kila usiku anapigania hewa. Tonsili na nyama za puani zilizokua kupita kiasi huziba njia ya pumzi misuli ya koo inapolegea usingizini. Pumzi hukatika kwa sekunde kadhaa, mwili hushtuka, mtoto hugutuka kidogo, kisha hulala tena. Hayo hujirudia mara nyingi usiku kucha, na asubuhi hakumbuki chochote.

Siku hizi hii ndiyo sababu kubwa ya watoto kutolewa tonsili na nyama za puani, kuliko hata mafindofindo. Dalili zake ni hizi:

1. Anakoroma usiku mwingi, kisha anakaa kimya kama aliyekatikiwa na pumzi, halafu anavuta hewa kwa nguvu.
2. Analala kinywa wazi, shingo ameirudisha nyuma, anatoka jasho jingi na kugeukageuka.
3. Anakojoa kitandani ilhali alikuwa ameshaacha.
4. Anaamka na kichwa kinachouma au na uchovu.
5. Mchana anasinzia, au kinyume chake, hatulii, ana hasira na hawezi kuzingatia.
6. Hakui vizuri wala kuongezeka uzito.

Mzazi akae pembeni mwa kitanda cha mtoto kwa dakika kumi au kumi na tano, usiku tofauti tofauti, amsikilize. Wenye simu ya kurekodi video wamrekodi, na video hiyo waende nayo kwa daktari. Mtoto akiwa macho mbele ya daktari hukaa kimya na hapumui kama alivyopumua usiku.

Je, upasuaji husaidia? Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani juu ya watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 waliokuwa wakikatikiwa na pumzi usingizini. Nusu yao walifanyiwa upasuaji mapema na nusu walisubiri chini ya uangalizi. Baada ya miezi 7, vipimo vya usingizi vilikuwa vya kawaida kwa watoto 79 katika kila 100 waliofanyiwa, na 46 katika kila 100 waliosubiri. Tabia na hali ya maisha ya waliofanyiwa iliboreka zaidi, ingawa alama zao katika mitihani ya umakini hazikupishana sana na za wenzao. Kwa hiyo yote mawili ni kweli: upasuaji unasaidia watoto wengi, na baadhi ya wenye hali nyepesi hupona bila ya kisu.

MWANAFUNZI ASIYESIKIA NA ASIYEWEZA GHUNNA

Sehemu hii tunaielekeza zaidi kwa walimu wetu na kwa wanafunzi wenyewe.

Nyama za puani zikiwa kubwa huziba pia mrija mwembamba unaounganisha koo na sikio la kati. Maji mazito hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio. Hakuna maumivu, hakuna usaha unaotoka, lakini mtoto husikia kama aliyezibwa masikio kwa pamba. Ukimwita jina kwa nyuma haitiki. Nyumbani anaongeza sauti ya redio. Darasani anaitikia aya pamoja na wenzake, lakini akisoma peke yake anakosea herufi zinazokaribiana, kama sin na shin, au ta na tha. Mwalimu anaweza kumdhania mkaidi au mvivu, kumbe hakusikia.

Alama nyingine inajitokeza katika tajwidi. Tunafundishwa kwamba ghunna hutoka kwenye khayshum, yaani ndani ya pua. Mtoto ambaye nyuma ya pua yake pamezibwa hana njia ya kuitoa. Mim yake inakaribia kuwa ba, na nun yake inakaribia kuwa dal. Akitaka kusema "mama" utasikia kama "baba". Kumrudisha mara ishirini, sembuse kumchapa, hakutamfungulia pua. Mwalimu akiyaona hayo kwa wiki kadhaa, na hayaendani na mafua ya kupita, amwite mzazi kwa upole na kumshauri ampeleke mtoto kwa daktari wa masikio, pua na koo. Wakati huo huo amkalishe mstari wa mbele.

Wanafunzi nanyi, mkimuona mwenzenu anatembea kinywa wazi au anauliza "umesema nini?" kila mara, msimcheke. Huenda ni mgonjwa.

Maji yale ya sikioni mara nyingi huondoka yenyewe. Daktari kwa kawaida husubiri miezi 3. Yasipoondoka na usikivu ukawa umepungua, anaweza kumwekea mtoto kijirija kidogo kwenye ngoma ya sikio. Kwa mtoto aliyetimiza miaka 4 anaweza pia kuondoa nyama za puani. Aidha, kabla ya kisu hujaribiwa dawa ya kupuliza puani kwa wiki kadhaa, ambayo huwasaidia baadhi ya watoto. Kuweka moshi mbali nao pia kunasaidia: sigara, moshi wa kuni, na hata udi na ubani usichomwe katika chumba anacholala mtoto mwenye pua iliyoziba.

KIMEO KISIKATWE

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki bado wako watu wanaokata vimeo vya watoto, hata vichanga. Mtoto akikohoa sana, akitapika au akikataa kunyonya, huambiwa kimeo kimerefuka. Kwa kweli kimeo hakisababishi kikohozi kisichokwisha. Kikohozi hicho huenda ni nimonia, pumu, kifua kikuu au hizo hizo nyama za puani, na kila siku inayopotea kwa mkata kimeo ni siku ya ugonjwa wenyewe kuzidi.

Madhara ya kukata yanajulikana vizuri mahospitalini: kutokwa na damu nyingi hadi kupungukiwa damu, usaha kooni, pepopunda, na maambukizi ya virusi vya UKIMWI au homa ya ini kwa sababu ya wembe uliotumika kwa wengine. Wako watoto waliopoteza maisha. Na anayepona anaweza kubaki na sauti ya puani, au maji anayokunywa yakarudi kwa puani, kwa sababu kaakaa limejeruhiwa.

Tunawaomba mabibi na mababu zetu, ambao wametulea kwa mapenzi na nasaha zao tunazithamini, watusaidie katika hili. Neno la bibi nyumbani lina uzito kuliko bango la hospitali.

Jambo jingine: kama kimeo cha mtoto kimegawanyika pande mbili kwa chini, au alizaliwa na kaakaa lililopasuka, mwambieni daktari kabla ya upasuaji wa nyama za puani. Mtoto wa namna hiyo akitolewa nyama zote anaweza kupata tatizo la kusema kwa puani.

KABLA NA BAADA YA UPASUAJI

Upasuaji hufanyika hospitalini kwa nusu kaputi, mtoto akiwa amelala kabisa. Mwelezeni daktari kila kitu: kama mtoto ana siko seli, pumu, ugonjwa wa moyo, mzio wa dawa, au kama katika ukoo wapo watu ambao damu zao hazigandi upesi, kwa mfano mtoto aliyetokwa na damu nyingi alipotahiriwa. Fuateni sawasawa masharti ya kutokula. Kwa kawaida chakula husimamishwa saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla, ila hospitali ikiwaambia vingine, fuateni ya hospitali. Mtoto akipewa andazi kwa huruma, chakula kinaweza kumwingia kwenye mapafu akiwa usingizini. Mtoto wa chini ya miaka 3, au mwenye kukatikiwa sana na pumzi, anafaa kulazwa usiku ule ili aangaliwe.

Baada ya upasuaji koo huuma kwa wiki moja hadi mbili, na maumivu hupanda hata masikioni. Utando mweupe au wa njano utakaouona kooni si usaha, ni kidonda kinachopona. Yafuatayo yazingatiwe:

Kwanza, anywe sana. Maji, madafu, uji uliopoa, maziwa. Asiyekunywa koo hukauka na maumivu huzidi. Chakula kiwe laini, kisicho na pilipili wala ndimu.

Pili, apewe dawa ya maumivu kwa wakati na kwa kipimo cha uzito wake, kama alivyoandikiwa. Asipewe aspirini. Asipewe kodini pia. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu ya dawa hiyo kwa watoto waliotolewa tonsili, baada ya vifo kutokea.

Tatu, asiende shule wala madrasa, asicheze mpira na asisafiri mbali na hospitali kwa muda wa wiki mbili hivi. Hifdhi anaweza kuirudia kwa kusikiliza, bila ya kupaza sauti.

Nne, na hili ndilo kubwa, muiangalie damu. Inaweza kutoka ndani ya saa 24 za mwanzo, au baina ya siku ya 5 na ya 10 utando ule unapobanduka. Huwapata watoto wachache katika kila 100, lakini ikitoka damu nyekundu, au mtoto akiwa anamezameza mate usingizini au anatapika damu, mkimbizeni hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Msingoje kukuche.

Mwanafunzi aliyebaleghe akifanyiwa upasuaji karibu na Ramadhani, ajue kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula na atazilipa siku zake akishapona. Ni bora upasuaji usio wa haraka upangwe mwezi mwingine.

Wapo wanaouliza kama mtoto hubaki bila kinga. Mwili una tezi nyingine nyingi zinazoendelea na kazi hiyo, na watoto waliotolewa tonsili huishi kama wenzao. Hata hivyo, uchunguzi wa Denmark uliochapishwa mwaka 2018, uliohusu watoto zaidi ya milioni 1, uliona kwamba waliotolewa tonsili au nyama za puani walipata magonjwa ya njia ya hewa kwa wingi zaidi walipokua. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba upasuaji ndio uliosababisha. Unatukumbusha tu kwamba kiungo kisitolewe bila ya sababu.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Msingoje hesabu wala miadi mkiona mtoto hawezi kumeza hata mate yake, hawezi kufumbua kinywa, sauti yake imekuwa kama ya mtu mwenye kiazi cha moto kinywani, shingo imevimba upande mmoja, anapumua kwa shida, au anageuka rangi ya midomo. Hayo ni ya kuwahiwa saa hiyo hiyo.

MWISHO

Ndugu wasomaji, tumeona kwamba tonsili na nyama za puani ni neema zenye kazi, ambazo mara nyingine hugeuka kuwa kizuizi. Mtoto aliyefikia hesabu, au ambaye pumzi zake zinakatika usiku, asicheleweshwe kwa hofu. Asiyefikia asikatwe kwa pupa. Anayekata shauri ni mzazi pamoja na daktari bingwa wa masikio, pua na koo, daftari likiwa mezani. Na usiku wa leo, watoto wakishalala, ingieni chumbani kwao taratibu mkasikilize wanavyopumua.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atujaalie watoto wenye afya, wanaosikia vizuri na wanaosoma vizuri.

Wabillahi tawfiq.